Mbona yangu marefu, yako mafupi?

Najua nimepotea sana. Mara ya mwisho niliwalalamikia maji ya hosteli, hapo tena kimya, mpaka wengine mkanitumia meseji kuuliza kama nimeolewa kimya kimya. Aah wapi! Sijaolewa na wala pilau sijamnyima mtu. Nilikuwa kazini. Kibarua cha siku kumi na nne ambacho kimenilipa vizuri kuliko kibarua chochote nilichowahi kukifanya, kisha kikaninyima usingizi na kunikosanisha na ami yangu. Nimekaa nalo kifuani mitihani yote, leo nalitoa. Chukueni chai, ni refu.

Ami, mdogo wake baba, ni ofisa katika mradi mmoja wa mazingira hapa Unguja. Jina la mradi silitaji na la mfadhili silitaji, msinibembeleze. Ni mradi wa miaka minne wa "kujenga uwezo". Wale mnaosoma mambo ya maendeleo mnaujua huo msemo. Kwa tafsiri ya barazani: kamati za uhifadhi za shehia kadhaa za kusini zinapewa semina za kutunza mikoko, kufanya doria, kuandika kumbukumbu za vikao, kuweka hesabu, kufuga nyuki, kupika kwa majiko yasiyokula kuni nyingi. Mradi ukiondoka, wao wabaki wanajua. Wazo zuri, mie silipingi hata leo.

Miaka miwili ikatimia. Mkataba na mfadhili unasema hapo katikati lazima aje mtu wa nje, atazame, aseme kama gari linakwenda linakotakiwa au limeshaingia mtaroni. Hiyo ndo tathmini ya kati. Ile ya mwisho ni kama kumpima homa maiti, utaandika tu alikuwa na ngapi. Ya kati inakuja muda bado upo na pesa bado zipo, na mtu bado anaweza kuambiwa abadilishe au aondoke. Ndo maana inaogopwa.

Ijumaa moja baada ya sala ami akaniita kwake nikampigie taipu hadidu za rejea. Kwa wasiojua, hizo ndo karatasi zinazomwambia mshauri elekezi afanye nini, kwa siku ngapi, aonane na nani, alete nini. Ami Kiingereza anakijua vizuri tu, ila kompyuta inamtoa jasho. Basi mie nikawa naona kila kitu. Kurasa kumi na tatu. Maswali ishirini na sita. Siku ishirini za kazi, na ukitoa za kusoma makabrasha, za kuandika ripoti, za safari na za vikao vya ofisini, za kukaa na wanavijiji zilibaki saba. Vigezo vilikuwa vile vile vya dunia nzima, vya kamati ya misaada ya OECD, vilivyowekwa 1991: mradi unafaa? umefikia malengo? pesa zimetumika kwa busara? umebadilisha nini? utabaki nini ukiondoka? Mwaka 2019 wakaongeza cha sita, kama mradi unashikana na mambo mengine yanayofanyika pahala pale pale. Vigezo vizuri. Nikavipiga taipu vyote bila ya kosa.

Rasimu ya mwanzo ilikuwa na washauri wawili, kiongozi kutoka nje na mzalendo wa kusaidiana naye. Walipopiga hesabu ikazidi bajeti, pakatafutwa pa kukata, wakamkata mzalendo. Pahala pake ami akanisomea sentensi moja fupi, nami nikaiandika kwa vidole vyangu hivi: mradi utamsaidia mshauri kupata mkalimani. Sentensi hiyo naomba muikumbuke.

Tangazo likatoka, maombi tisa yakaja. Bahasha ya utaalamu mbali, bahasha ya bei mbali, alama 70 kwa utaalamu na 30 kwa bei. Watu watatu walikaa wakabishana: huyu kasoma sana lakini ghali, yule nafuu lakini Afrika Mashariki hajawahi kukanyaga. Wakaomba ripoti zake za zamani wazisome. Wakapiga simu kwa waliowahi kufanya naye kazi. Wiki tatu nzima. Mwisho akachaguliwa mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, kafanya tathmini nyingi za misitu na za bahari. Hongera yake. Kuhusu mkalimani, ami alinitazama juu ya sahani ya maandazi akasema, "Wewe Kiingereza chako kizuri, na likizo si unayo?" Usaili wangu ndo huo.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilizidisha siku kwa malipo nikaona ada ya semista ile inatoka.

Sikutaka kuaibika mbele ya mgeni, nikaanza kujisomea, na hapo ndo nikakutana na HIMA. Nyie wa kusini na wa Pemba mnaikumbuka: Hifadhi ya Misitu ya Asili, mradi ulioendeshwa na CARE pamoja na idara ya misitu kuanzia 2010 kwa pesa za Norway. Norway ilitia saini na Tanzania mwezi wa Aprili 2008, ahadi ya mpaka kroni milioni 500 kwa miaka mitano, kwa mambo ya kupunguza hewa ukaa inayotokana na kukata misitu, ile habari inayoitwa REDD. Katika pesa hizo zikatoka za miradi tisa ya majaribio ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Mengine yote bara, kama Kilosa, Lindi, Kilwa, Kondoa, Shinyanga, na mmoja kwetu huku. HIMA ilifika shehia 45 za Unguja na Pemba, ikazisaidia kupata mikataba ya kusimamia misitu yao wenyewe chini ya sheria ya misitu namba 10 ya 1996, ikaacha na jumuiya ya kuziunganisha inayoitwa JUMIJAZA.

Walipofika katikati, ubalozi wa Norway ndio uliotafuta mtathmini. Kazi ya kuitathmini miradi yote tisa wakapewa Deloitte, mwaka 2012. Hapo nilisimama kidogo. Kwetu sisi aliyemtafuta mshauri ni mradi wenyewe, yaani anayekwenda kupimwa ndiye aliyekwenda dukani kununua mizani. Lakini nikawaza pia, kampuni moja kwa miradi tisa, kutoka Shinyanga mpaka Pemba, kila kijiji watakaa saa ngapi? Sikuona njia iliyo safi kabisa, na mpaka leo sijaiona.

Kilichonishika zaidi ni lile neno lenyewe, "hewa ukaa". Fikirini mtu wa shamba anaambiwa msitu wake unahifadhi hewa ukaa na kuna watu huko Ulaya wataka kuinunua. Hewa inauzwaje? Inapakiwa kwenye nini? Hao wanunuzi wakija wataikata miti au wataipima tu? Kuna mtu alisimama mbele ya mkutano akalitafsiri jambo hilo, na kwa jinsi alivyolitafsiri ndivyo watu walivyojenga matumaini yao. HIMA ilitoa malipo ya majaribio kwa jamii, lakini soko la hewa ukaa dunia nzima lilikuwa limeporomoka, na mpaka mradi unafungwa hakukuwa na hewa iliyouzwa. Kwa fikra zangu mie, swali la maana kuliko yote ishirini na sita katikati ya mradi kama ule ni hili: nyinyi mmeelewa kwamba mmeahidiwa nini? Na swali hilo huwezi kuliuliza bila ya ulimi wa kuaminika baina yenu.

Nikasoma hayo, nikatikisa kichwa, nikawaonea huruma watu wa mradi mwengine. Mwenyewe sikujiona.

Basi siku ikafika. Tukatoka Chukwani asubuhi, Kiembesamaki, Tunguu, mpaka Kitogani, tukashika njia ya Muyuni. Shehia zetu ziko ndani ya Ghuba ya Menai, ile iliyotangazwa eneo la hifadhi 1997. Garini mama akanieleza anavyofanya kazi. Maswali yote ishirini na sita anayo kwenye karatasi, ila moyoni ana moja: tangu ile semina, umefanya nini ambacho kabla yake hukuwa ukikifanya? Akanambia kuna Mmarekani, Donald Kirkpatrick, aliyeandika mwaka 1959 kuwa mafunzo yanapimwa kwa ngazi nne. Umeyapenda? Umejifunza kitu? Umebadili unavyofanya? Na mwisho, hali yenyewe imebadilika? Miradi mingi, anasema, haifiki hata ngazi ya kwanza, inahesabu waliokaa kwenye viti. Na kweli, ripoti za mradi wa ami zilikuwa zimejaa idadi ya waliotia saini mahudhurio, wanaume wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi. (Nawajua watu wanaotia saini semina tatu kwa wiki kwa ajili ya nauli. Tuyaache.)

Shehia ya kwanza majibu mazuri. Ya pili mazuri. Ya tatu mazuri mno. "Mradi umetusaidia sana, tunaomba uendelee." Mama anaandika, mie natafsiri, sheha anatabasamu, dafu linakatwa.

Ya nne ndo nilipokutana na bi mkubwa.

Tulikaa mkekani nje ya skuli. Yeye alikuwa makamo ya bibi yangu, mjumbe wa kamati, anasokota kamba ya makumbi huku anasikiliza. Zamu yake ilipofika hakujibu swali. Alinigeukia mie.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba.

"Wa wapi?"

Nikamtajia.

"Aa. Basi wewe mtoto wa kaka yake fulani, yule wa mradi." Akawatazama wenzake. Wenzake wakatazama mkeka.

Mama wa Kizungu akaniuliza anasema nini. Nikamwambia tunasalimiana.

Bi mkubwa akaendelea. "Haya mwanangu, mwambie mgeni wako. Sisi tumesomeshwa mpaka basi. Kila semina soda na daftari, madaftari wajukuu zangu wanaandikia skuli. Ile mikoko pale mbele tumeipanda mara tatu pahala pale pale, na mara tatu imekufa, na mara tatu tumepigwa picha. Tuliwaambia, pale panapiga mawimbi, mkoko haukai, pale pa mlilana na mchu, na tena mkipaacha vitaota vyenyewe. Tukaambiwa mtaalamu kasema hapa. Mie mtaalamu simjui, lakini maji nayajua."

Nikamgeukia mama. Niliyomwambia nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu nimeyarudia kichwani mpaka yamenichosha: anashukuru kwa mafunzo, na anasema uotaji wa mikoko bado ni changamoto.

Changamoto! Jamani neno hili nani katuletea? Limekuwa kama kanga kubwa, kila kitu unalifunika nalo. Mikoko imekufa, changamoto. Mafuta ya boti ya doria hayajaletwa tangu mwaka jana, changamoto. Mtu kafeli mitihani yote mitano, changamoto za kimasomo.

Mama akaandika. Bi mkubwa hakurudi kwenye kamba yake. Kiingereza hajui hata kimoja, lakini alinikazia macho akasema, "Mwanangu, mbona yangu marefu, yako mafupi?"

Watu wakacheka. Mie nikacheka nao, kicheko cha meno tu.

Alasiri maji yakapwa, mama akataka akaione hiyo changamoto. Tukaenda na futi ya kamba, matope mpaka magotini, tukapita mstari baada ya mstari tunahesabu. Katika vijiti mia vya mwanzo, vyenye majani vilikuwa saba. Vyengine vikavu, vimeshikwa na makombe madogo madogo kama ugonjwa wa ngozi. Na hatua chache pembeni, pahala ambapo hakuna mtu aliyepanda kitu, milalana midogo imesimama yenyewe, kijani, haina habari na mtu. Mama akasimama muda mrefu anaitazama. Kisha akanitazama mie.

"Yule bibi alisema hivyo tu? Kuwa ni changamoto?"

Nikasema ndiyo, hivyo tu.

Sasa ngojeni niwaeleze, msije mkamdhania ami vibaya. Ami hakuniambia hata siku moja nifiche neno. Lakini mie baba yangu alifariki nikiwa fomu tuu, na tangu siku ile daftari langu, sare yangu, nauli yangu, ni ami. Ana watoto wake watano. Mkataba wake wa kazi unakwisha na nusu ya kwanza ya mradi, na nyongeza yake inategemea tathmini hii inasema nini. Hakuna aliyeniambia hilo kwa mdomo. Nilikuwa nimelipiga taipu. Basi kila mtu akisema neno kali, kabla halijafika kwenye Kiingereza lilikuwa linapita kwenye nyumba ya ami, linawakuta wale watoto watano wanakula, linatoka limepoa.

Usiku gesti sikulala. Nikafungua daftari langu. Bahati yangu, au bahati mbaya sijui, mkono wangu unaandika Kiswahili haraka kuliko Kiingereza, kwa hiyo watu walivyokuwa wakisema nilikuwa nikiandika yao yenyewe kama yalivyo, ndo nikitafsiri. Nikaweka daftari upande huu na taipu za Kiingereza upande huu. Nikaanza kulinganisha kama mtu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe. Uongo mtupu haukuwepo, ila yale ya bi mkubwa. Kulikuwa na kunyoa. "Posho ya doria tuliahidiwa haikuja" imekuwa doria inahitaji kuimarishwa. "Mizinga imeletwa lakini aliyetufundisha hakurudi, nyuki wamehama" imekuwa ufugaji nyuki unahitaji ufuatiliaji. Pahala kumi na moja katika shehia nne.

Kisha likanijia jengine baya zaidi. Yale majibu mazuri ya shehia tatu za mwanzo, kwani hao hawakujua mie mtoto wa nani? Unguja hii? Watu wetu hawahitaji wasifu wako, wanahitaji jina la babu yako. Walijua wote. Walikuwa wanajibu mbele ya mtu wa nyumbani kwa mradi. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyelipwa aje kujua. Wiki tatu za bahasha na alama 70 na 30 zote zilikuwa kwa ajili ya masikio yake, na ulimi ukaokotwa juu ya sahani ya maandazi.

Asubuhi kwenye chai nikamwambia yote. Hakufoka, na afadhali angefoka. Akaniuliza maswali matatu. Uliambiwa ufanye hivi? Nikasema hapana. Huyo ofisa ni nani kwako? Nikamwambia. Daftari bado unalo? Nikalitoa. Akafunga kompyuta yake, akamaliza chai, akasema basi leo hatuendi shehia ya tano.

Siku zilizobaki tukazitumia kurudi nyuma, shehia mbili tu ndo tulizoziwahi. Alimtafuta mwalimu mmoja wa skuli kutoka Makunduchi, asiye na ndugu kwenye mradi, akawa mkalimani yeye. Mie nilishika futi ya kamba na nilikaa garini watu wakizungumza. Nilistahili. Malipo yangu hakuyakata, na hilo nalo liliniuma.

Na hapa ndo lilipo jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani ukweli ukitoka ami atakwisha. Kumbe watu walipozungumza kwa uhuru walitoa na mazuri ambayo mwanzo hawakuyatoa. Bi mkubwa na wenzake walileta daftari la vikao vya kamati. Limeandikwa vizuri, tarehe, wajumbe, maazimio, saini. Ndani yake nakala ya barua waliyoipeleka mradi mwaka mmoja nyuma kupinga pahala pa kupandia mikoko, wameeleza sababu, wameorodhesha tarehe walizopanda na tarehe miche ilipokufa, nakala kwa sheha. Semina ya kuandika kumbukumbu na barua ni ami aliyewasomesha. Uwezo ulikuwa umejengwa kweli, ngazi ya tatu ya yule Mmarekani, na ushahidi wake ni barua ya kuulalamikia mradi wenyewe! Mradi haukuihesabu kwa sababu kwenye jedwali la viashiria hakuna mstari wa malalamiko. Na mie kwa kunyoa maneno ili nimlinde ami, nilikuwa nafunika jambo zuri kuliko yote aliyoyafanya.

Sisemi kila linalosemwa na wanavijiji liandikwe kama lilivyo na mhuri ugongwe. Wakulima wa karibu na Jozani walikuwa wakilalamika kuwa kima punju wanawamalizia nazi. Siex na Struhsaker wakaenda kuhesabu, wakachapisha 1999, ikaonekana vile vidaka vinavyoliwa na kima havikupunguza mavuno, na pengine ni kama kuupogoa mnazi, zilizobaki zinanawiri. Kwa hiyo wakulima hawakuwa sahihi. Lakini lalamiko lao liliwafikia wenye kuhesabu likiwa zima, halijanyolewa, ndo likahesabika. Kama angekuwepo mtu wa kusema "mahusiano baina ya wakulima na wanyama ni changamoto", nani angekwenda kuhesabu vidaka?

Ami nilimwambia mwenyewe, kabla ripoti haijafika. Nilimkuta barazani kwake baada ya isha. Alisikiliza mpaka mwisho, tasbihi mkononi. Kisha akasema, "Ungenambia mie kwanza. Ningekutoa mwenyewe."

Sikuwa na jibu, maana ni kweli. Nilikimbilia kumwambia mgeni kabla ya mzee wangu. Na kwa upande mwengine, ningemwambia yeye kwanza, ingekuwa tena ni nyumba yetu inayoamua mgeni asikie nini. Nimelizungusha hili mpaka leo sijapata pa kuliweka. Nikamuuliza ile barua ya kamati. Akanyamaza, kisha akasema aliipeleka juu siku ile ile, na juu haikujibiwa, na yeye hakuuliza tena.

Ripoti ikatoka. Kuna kifungu cha mapungufu ya tathmini, na humo sentensi mbili ni zangu: kwamba mkalimani wa awali alikuwa jamaa wa mfanyakazi wa mradi, na kwamba mahojiano ya shehia nne za mwanzo yasomwe kwa tahadhari. Jina langu halimo, lakini kila nikiisoma naona limo. Mapendekezo yanasema upandaji pahala pale usimame, paachwe miche iote yenyewe, kamati zijibiwe barua zao ndani ya siku thelathini, na tathmini ya mwisho iwe na washauri wawili, mmoja Mzanzibari asiye na uhusiano na mradi, na mkalimani atafutwe na washauri wenyewe. Mfadhili kakubali. Ami kaongezewa miezi sita tu kwanza, "kwa uangalizi". Siyo kufukuzwa, lakini kwa mtu wa umri wake ni kitu kizito.

Idd nilikwenda. Mke wake alinikaribisha vizuri, akanifungia na biskuti za kurudi nazo hosteli. Ami alikula na wageni wake ukumbini, akanipa mkono wa Idd na shilingi elfu tano kama kila mwaka, hakusema kitu.

Juzi ndo akanitumia meseji, ya kwanza tangu siku ile ya barazani: "Tangazo la tathmini ya mwisho litatoka mwakani. Usiombe."

Nikamjibu: "Sawa ami. Hadidu za rejea nije nikupigie taipu?"

Tiki mbili za buluu. Hajajibu bado.

Haya wadau, nawasikia wenzangu koridoni wanapiga kelele kuwa maji yametoka. Nikakinge kabla hayajakatika. Tuko pamoja.